Umekwama daraja la nne: dalili na vyanzo vya matatizo ya mwanzo katika Albion Online

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mtoto wa kaka yangu alinijia barazani kwetu Chake Chake, simu mkononi, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Ami, wameniua tena." Nikamuuliza alikuwa amevaa nini. "Kila kitu," akajibu. Nikamuuliza benki ya mchezo, yaani ghala la kuhifadhia vitu, amebakisha nini. Akaitazama simu kana kwamba jibu limeandikwa humo, akasema hakubakisha kitu. Yeye alikuja akiamini kuwa ugonjwa wake ni uzito wa vidole, na alitaka nimfundishe kupigana. Mimi niliona kuwa hata angejua kupigana mara mbili ya alivyojua, wiki ya pili yake angekaa pale pale barazani na maneno yale yale.

Albion Online ni mchezo wa mtandaoni wa kuigiza wahusika, uliotengenezwa na kampuni ya Sandbox Interactive ya Berlin, Ujerumani. Ulitoka rasmi Julai 2017, ukawa wa bure Aprili 2019, na tangu Juni 2021 mwenye simu na mwenye kompyuta wanakutana katika ulimwengu ule ule mmoja, jambo ambalo ndilo lililoufikisha visiwani kwetu, ambako kijana mwenye kompyuta ni wa kutafuta. Hauna hadithi inayomshika mchezaji mkono na kumpeleka hatua kwa hatua, wala siku ya kwanza humchagui mhusika kuwa mpiga upinde au mganga: unakuwa kile ulichokivaa, na ukivua unakuwa kitu kingine. Karibu vifaa vyote vinavyouzwa sokoni vimetengenezwa na wachezaji wenyewe. Kwa hiyo mgeni anaposema "nimekwama", neno hilo moja linaweza kubeba maradhi saba yasiyofanana, na dawa ya hili ikalizidisha lile.

Skrini haisemi Kiswahili, basi nitatumia maneno tunayoyatumia barazani. Daraja ni ile tarakimu ya 1 hadi 8 inayotenganisha kifaa duni na kifaa bora. Nukta ni tarakimu inayofuata daraja, kama katika 4.1. Sifa ni pointi zinazoingia kila unapoua mnyama, unapokata mti au unapotengeneza kitu. Na fedha ni fedha, kwa kuwa mchezo umeyafanya madini hayo kuwa sarafu, na Kiswahili kilikwisha kufanya hivyo zamani bila ya kushauriwa na mtu.

Silaha umeinunua lakini haivaliki

Dalili hii hujitokeza mapema sana, mara nyingi siku ya pili au ya tatu. Mchezaji amekusanya fedha, amekwenda sokoni, amenunua upinde wa daraja la nne, na alipoubofya ukabaki na alama ya kufungwa. Wengi hudhani wametapeliwa au programu imeharibika, kisha huifuta na kuipakua upya, na bando la siku mbili likapotea kwa tatizo ambalo halimo katika programu.

Chanzo ni kwamba sifa haziingii kwa mhusika kwa jumla. Zinaingia katika matawi ya vile vitu alivyokuwa amevivaa wakati ule wa kupigana, yaani silaha, kofia, vazi la mwili na viatu, kila kimoja mahali pake. Aliyepigana Jumatatu kwa upinde, Jumanne kwa fimbo ya moto na Jumatano kwa panga, ifikapo Alkhamisi ana vipande vitatu vidogo vya sifa katika sehemu tatu, na hakuna hata kimoja kilichotosha kufungua mlango unaofuata. Kuthibitisha si kazi. Fungua ule ubao mkubwa wa matawi uitwao Destiny Board, utafute tawi la silaha yako, nalo litakuonyesha sharti lililobaki. Ubao huo unatisha kwa ukubwa wake, na nadhani waliouchora walitaka ututishe, lakini kwa uchunguzi huu huhitaji kuutazama wote.

Dawa ni kuchagua silaha moja, vazi moja, kofia moja na viatu aina moja, na kubaki navyo mpaka daraja la nne lifunguke katika vyote vinne. Kwa anayecheza peke yake napendelea silaha yenye namna ya kukimbia au ya kujitibu ndani yake, hata kama inaua polepole, kwa sababu mwanzoni kubaki hai kuna thamani kuliko kuua haraka. Kanuni hiyo hiyo inawahusu wakusanyaji: shoka la daraja la nne halikupi ruhusa ya kukata mti wa daraja hilo ikiwa hujakata ya daraja la tatu kiasi cha kutosha, na anayechuma nyuzi leo, kuchimba madini kesho na kuchuna ngozi keshokutwa atakuwa fundi wa hapa na pale kwa muda mrefu.

Kuna tatizo jingine linalofanana na hili kwa sura lakini chanzo chake ni haraka. Mchezaji hajafungua daraja la tano, anahisi amedhoofika, na anaamini hana la kufanya mpaka alifikie. Sivyo. Nguvu ya msingi ya kifaa cha daraja la nne kisicho na nukta ni 700, kila daraja linaongeza 100, na kila nukta nayo inaongeza 100. Kwa hiyo kifaa cha 4.1 na kifaa cha 5 kisicho na nukta vinalingana katika 800, na 4.2, 5.1 na 6 vyote vitatu vinasimama katika 900. Aliyefunguliwa daraja la nne anaweza kuvaa 4.1 au 4.2 leo, na linalobaki ni kutazama bei sokoni, kwani kuna siku nukta ni rahisi na kuna siku daraja ni rahisi. Tarakimu kubwa iliyoandikwa kwenye kifaa inavutia macho, lakini macho siyo yanayopigana.

Wanyama wa kawaida wanakushinda

Hapa tusikae sana. Tazama kwanza uimara wa vifaa, maana kila unapoangushwa hupungua, na kilichochakaa kabisa hakikusaidii. Mafundi wa matengenezo wamo mjini, na gharama yake kwa vitu vya daraja la chini ni ndogo. Pili, tazama ardhi: mnyama anapokusudia pigo kubwa hutangulia kuchora duara au mstari mwekundu chini, na wageni wengi husimama ndani yake kwa sababu wanatazama vitufe vyao wenyewe. Tatu, beba chakula na dawa. Kama yote matatu yako sawa na bado unashindwa, basi ramani uliyomo imekuzidi, rudi moja nyuma.

Fedha hazikai

Malalamiko haya nimeyasikia kuliko yote isipokuwa yale ya kuuliwa. Mtu anakata miti jioni nzima, anauza, na akihesabu usiku anakuta ana kiasi kile kile alichoanza nacho. Fedha hazipotei. Zinatoka kwa matundu, na matundu yenyewe kwa kawaida ni matatu.

Tundu la kwanza ni soko. Unapouza unaweza kumpa kitu mnunuzi ambaye tayari ameweka oda yake, ukalipwa papo hapo, au unaweza kukitundika kwa bei yako na kusubiri. Katika njia zote mbili hukatwa kodi ya mauzo, ambayo ni asilimia 8 kwa asiye na Premium, yaani hadhi ya kulipia ya mchezo, na asilimia 4 kwa aliye nayo, na anayetundika hulipa pia asilimia 2.5 ya bei aliyoiandika, hata kabla hakijanunuliwa. Ukitundika kitu kwa fedha 10,000 bila ya Premium, zinatoka 800 na 250, na mkononi zinaingia 8,950. Ukikosea bei, ukakiondoa, ukakitundika tena, ile ada ya mwanzo hairudi. Kijana anayetundika magogo asubuhi, adhuhuri akayashusha kwa sababu mtu mwingine amepunguza bei kidogo, na alasiri akayashusha tena, amelipa ada mara tatu kwa mzigo mmoja, na wala hajui.

Tundu la pili ni mji. Kila mji una soko lake na benki yake, na mzigo ulio Lymhurst hauonekani Martlock mpaka uubebe mwenyewe. Miji mitano ya kifalme imepangwa kwa makusudi ili bidhaa isafiri: Lymhurst iko msituni ambako miti imejaa, lakini mji wenye ubingwa wa kupasua mbao ni Fort Sterling ulioko kwenye milima ya theluji. Lymhurst yenyewe ni bingwa wa kufuma vitambaa, Thetford wa vinamasi ni bingwa wa kuyeyusha madini, Bridgewatch wa nyika kavu ni bingwa wa mawe, na Martlock wa nyanda za juu ni bingwa wa kudabagha ngozi. Ubingwa huo si wa jina tu. Ukichakata katika mji wa kifalme usio na ubingwa, asilimia 15.2 ya malighafi hukurudia, ila ukichakata katika mji bingwa, zinarudi asilimia 36.7. Sisi wa Pemba hatuhitaji kuelezwa kwa kirefu kwa nini mzigo unaotoka hapa unathamini zaidi kule, kwani mikarafuu mingi ya Zanzibar iko kwetu, na habari za madau ya magendo yaliyovuka usiku kwenda Mombasa tumezikuta kwa wazee.

Hata hivyo kuchakata si faida kila siku, na hapa ndipo ninapobishana sana na vijana. Ubao mmoja wa daraja la nne unataka magogo 2 ya daraja hilo pamoja na ubao 1 wa daraja la tatu. Ubao wa daraja la tano unataka magogo 3 na ubao 1 wa daraja la nne. Kabla ya kubonyeza kitufe, chukua bei ya soko ya magogo yale, ongeza bei ya ubao wa chini yake, ongeza ada ya kiwanda, ambayo mwenye kiwanda hujipangia, toa kile kitakachokurudia, kisha linganisha na bei ya ubao uliokamilika baada ya kodi. Ikiwa ubao umepungua thamani, uza magogo kama yalivyo. Nimewaona watu wakichakata kwa hasara wiki nzima, na kila nikiwaonyesha hesabu wananijibu kwamba magogo ni ya bure, wameyakata wenyewe. Nazi iliyoanguka shambani kwako si ya bure ikiwa jirani amesimama kwenye ua na noti mkononi anataka kuinunua. Ukiamua kuikuna, umeinunua kwa bei ile ile aliyokuwa tayari kukupa.

Tundu la tatu ni kuvaa zaidi ya uwezo, na hilo nitalirudia kwa urefu mbele, kwa sababu ndilo lililomkalisha mtoto wa kaka yangu barazani.

Kuhusu Premium, neno moja linatosha. Inaongeza sifa na fedha unazopata, inapunguza kodi kwa nusu, na bila yake huwezi kununua kisiwa chako cha kwanza cha kulimia. Inanunuliwa kwa dhahabu, na dhahabu ndani ya mchezo hununuliwa kwa fedha za mchezo kutoka kwa wachezaji wengine, kwa hiyo hakuna anayelazimika kutoa shilingi ya mfukoni. Lakini mgeni anayejinyima kila kitu mwezi wa kwanza ili aipate, kisha akaingia nayo bila ya akiba ya kununulia hata viatu, amenunua jiko kabla ya unga.

Farasi haendi, au anajikokota

Umebeba kupita kiasi. Mawe na madini ni mazito, na uzito ukishapindukia uwezo wako mwendo hupungua mpaka karibu usimame. Mkoba bora huongeza uwezo, na kipando huongeza zaidi: farasi wa kupanda ni wa mwendo, maksai wa mizigo ni wa uzito, na baghala wa daraja la pili ni wa siku za mwanzo tu. Kumbuka kuwa sehemu kubwa ya uwezo ule ni ya mnyama, si yako, kwa hiyo ukishuka na kumwacha mbali mzigo wote unakuangukia wewe. Hili katika ramani salama ni kero tu, na katika ramani nyekundu, ambako wachezaji huuana na kuporana, ni kifo.

Picha inaganda, vitufe havisikii

Tenganisha kwanza mtandao na simu, kwa sababu dalili zao zinachanganywa na dawa zao hazihusiani. Tembea nje ya mji ukiwa peke yako. Ikiwa mandhari inasogea kwa ulaini lakini wanyama na wachezaji wengine wanasimama kisha wanarukia mahali pengine ghafla, na pigo ulilolibonyeza linatoka baada ya pumzi mbili, tatizo ni mtandao. Ikiwa picha nzima inakatikakatika, pamoja na mhusika wako, na mgongo wa simu umechemka, tatizo ni simu. Usifanye jaribio hili katikati ya mji, kwani mjini watu ni wengi na hata simu nzuri huelemewa, ukaja ukailaumu bure.

Tatizo likiwa ni la simu, punguza ubora wa picha na idadi ya picha kwa sekunde katika mipangilio, funga programu nyingine zote, na usicheze huku unachaji juu ya godoro. Likiwa ni la mtandao, zima usasishaji wa programu unaojiendesha wenyewe, maana huo hupenda kuamka jioni, wakati ule ule ambao mtaa mzima uko mtandaoni. Anayetegemea ruta ya nyumbani ajue kwamba umeme ukikatika ruta nayo inazimika, na simu itachukua muda kabla ya kuhamia kwenye bando. Muda huo mhusika hubaki amesimama pale alipo, anaonekana na anapigika. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza maksai na mzigo wake wote wa ngozi katika boti ya kutoka Unguja, tulipofika mahali ambapo mawimbi ya simu ya upande mmoja yamekwisha na ya Mkoani hayajaanza. Siwezi kumlaumu mtu. Nilijua tunakokwenda.

Kuna pia suala la seva. Zipo tatu, ya Marekani, ya Asia na ya Ulaya, na hii ya Ulaya ndiyo changa kuliko zote, ilifunguliwa Aprili 2024. Kila moja ni ulimwengu wa peke yake: mhusika, fedha na vifaa haviendi kutoka moja kwenda nyingine. Ikiwa rafiki yako anakuambia yuko Bridgewatch, na wewe umesimama Bridgewatch, na hamwonani, karibu kila mara mmoja wenu amejisajili katika seva nyingine. Akaunti hiyo hiyo inaweza kuwa na mhusika katika kila seva, kwa hiyo hasara ni ya kazi mliyokwisha kuifanya. Jaribuni seva mbili kwa siku moja kabla ya kuanza kazi ya kweli, mkachague ile ambayo vitufe vinasikia haraka zaidi kwa mtandao wenu na ambayo wenzenu wapo.

Umepewa ahadi, na mali haipo

Mtu anaandika kwamba ukimpa fedha atakurudishia maradufu. Hatakurudishia. Mwingine anafungua dirisha la kubadilishana, anaweka kifaa chenye nukta, anakiondoa kwa kisingizio, anakirudisha kile kile kwa sura lakini bila ya nukta, na wewe unakubali kwa sababu picha zinafanana. Basi bofya kila kifaa usome daraja lake kabla ya kukubali, hata kama umekisoma dakika moja nyuma. Wa tatu ni mkarimu, anakualika katika kundi lake, anakwambia uvae ulicho nacho bora kabisa kwa sababu mnakwenda kuwinda mahali penye faida. Wenzake wanakungojea huko. Na ununuzi wa fedha za mchezo kwa pesa taslimu nje ya mchezo ni kinyume cha masharti, akaunti inaweza kufungwa, na hapo hakuna benki wala soko la kukurejeshea.

Unauliwa na kuporwa

Sasa turudi kwa mtoto wa kaka yangu. Maelezo ya ugonjwa huu lazima yaanze na rangi za ramani. Katika ramani ya buluu mchezaji mwenzako hawezi kukushambulia. Katika ramani ya manjano anaweza, na akikushinda utaanguka, utainuka baada ya muda, na vifaa vitakuwa vimechakaa, lakini ni vyako bado. Katika ramani nyekundu na nyeusi unakufa kwa maana ya kweli: baadhi ya ulivyovaa na kubeba vinaharibika hapo hapo, na vilivyosalia ni vya anayekufungua. Nyekundu anayetaka kushambulia wengine lazima ajitangaze kuwa adui na heshima yake katika mchezo hupungua. Nyeusi hakuna tangazo wala lawama.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama ulijua umo wapi. Wageni wengi huuliwa katika safari ambayo hawakukusudia iwe ya hatari, na mtego mkubwa wa namna hii unaitwa Caerleon. Mji huo uko katikati ya bara lote, soko lake lina harakati nyingi, na mtu anayelinganisha bei huona kwamba kitu chake kinathamini zaidi kule kuliko mjini kwake. Asichokiona ni kuwa umezungukwa na ramani nyekundu, na ile tofauti ya bei ni malipo ya hatari ya njiani. Mchezo unakuonya kabla ya kuingia, lakini vijana wetu wamezoea kufunga matangazo ya simu bila ya kuyasoma, na onyo hilo hufungwa kwa kidole kile kile.

Ikiwa ulijua, swali la pili ni ulikuwa unatazama wapi. Katika ramani nyekundu, idadi ya maadui waliojitangaza huonyeshwa kwenye ramani ndogo, na tarakimu hiyo ikipanda wakati wewe uko katikati ya kukata mti, mti huo umekwisha kuwa wa mtu mwingine. Usimwache farasi mbali, kwa sababu kumpanda aliye karibu ni rahisi na kumwita aliye mbali kunachukua sekunde ambazo hutapewa. Jua mlango wa kutokea uko upande gani kabla hujashuka mara ya kwanza. Ukivuka kuingia ramani nyingine unapata kinga fupi, nayo huisha mara tu unapofanya jambo, basi ndani ya kinga hiyo tazama kwanza pande zote, ndipo uende.

Swali la tatu ndilo lililomhusu yeye, na ndilo ninaloliweka juu ya mengine yote: ulichokipoteza, unaweza kukinunua tena mara ngapi? Siku ile alikuwa amevaa seti iliyomgharimu karibu robo tatu ya fedha zote alizowahi kuwa nazo, na robo iliyobaki alikuwa ameigeuza madini na kuyabeba mgongoni. Alikuwa na sababu nzuri, kwa maoni yake: vifaa bora vitamlinda. Lakini waviziaji hutembea wawili au watatu, na nguvu 100 zaidi katika vazi lako haziwazuii watatu, zinawafurahisha tu wakikufungua. Tena mtu aliyevaa mali yake yote hupigana vibaya, anaogopa mapema, anakimbia pasipo haja, na vidole vyake vinakuwa vizito kweli. Uzito ule aliokuja kuulalamikia ulikuwa umetoka benki.

Kigezo changu, na wako wanaosema nimezidisha, ni seti tano. Usiingie ramani nyekundu na seti moja mpaka ziko nyingine nne za aina ile ile benki, kofia kwa viatu, pamoja na farasi wake. Ikiwa huwezi kununua tano, seti hiyo si ya kwako bado, shuka daraja. Kwa mgeni wa mwezi wa kwanza hii humaanisha daraja la nne lisilo na nukta, na hakuna aibu ndani yake. Kwa mkusanyaji kuna nyongeza: usingoje mkoba ujae. Rudi ukiwa na nusu, weka, toka tena. Njia itaonekana ndefu, lakini mwenye kurudi na nusu mara nne amefikisha benki zaidi ya yule aliyejaza mara mbili na kuuliwa mara moja, hata ukiacha thamani ya vifaa vilivyokwenda naye.

Kama hofu yenyewe ndiyo iliyobaki, yaani vitu unavyo lakini moyo unakataa, kuna mahali pa kuizoesha. Katika ramani za wazi huonekana vimulimuli vinavyofungua njia ya kuingia ukungu, ambako wachezaji hukutana na kupigana wakiwa peke yao. Ukungu unaoingilia kutoka ramani ya buluu au ya manjano hauui. Utaangushwa, utachakaa, utatoka na vitu vyako. Pigana humo mara ishirini upigwe mara ishirini, uone nani amekupiga na kwa silaha gani, na ile mitetemo ya mikono itakuwa imepungua kabla hujaweka rehani hata soksi.

Yeye alichukua daftari lake la skuli, nyuma ya ukurasa wa mwisho akachora mistari mitano. Ilimchukua mpaka karibu na mwisho wa Ramadhani kuzijaza seti hizo, akiwinda ramani za manjano na kuuza ngozi Martlock, na mara mbili alinijia kulalamika kuwa zile siku zinakwenda bure. Siku ya pili ya Idi, tumekaa na chai na vitumbua vilivyobaki, nikamwona anatikisa kichwa mbele ya skrini. Nikamuuliza vipi.

"Wameniua, Ami. Mara ya pili leo."

Akakata mstari mmoja kwenye daftari kwa kalamu ya risasi, akahesabu kwa ncha ya kidole.

"Zimebaki tatu," akasema, akaweka simu chaji na kuchukua kitumbua.